Taa ya tabo inawaka na kuzima: njia nne za kutafuta tatizo kwenye dizeli ya zamani, na ipi ikufae

Umetoka Ruaha Mbuyuni, vitunguu viko nyuma, gari limejaa watu na mizigo, unaanza kuupanda mlima Kitonga. Kona ya tatu au ya nne taa ya injini inawaka. Gari linalegea kama limeshikwa mkia, na lori ulilolipita dakika kumi zilizopita sasa linakupigia honi. Unasogea pembeni, unazima, unasubiri kidogo, unawasha. Taa haipo. Gari linavuta kama halijawahi kuumwa. Unafika Iringa, unalipeleka gereji, fundi anazunguka nalo mtaa mmoja, anarudi na kukuuliza: "Bosi, mbona iko poa tu?"

Tatizo la kudumu lina adabu, unalikuta palepale ulipoliacha. Hili la kuja na kuondoka ndilo linalomaliza pesa za watu, kwa sababu kila fundi anakisia, na kila kisio kina bei yake ya spea.

Makala hii ni ya mwenye dizeli ya miaka ya 2000 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010 yenye tabo, yaani turbo, kile kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi: Prado, Hilux, Hiace, Navara, Pajero, Discovery na jamaa zao. Nalinganisha njia nne ambazo watu wetu huzitumia: kukagua mwenyewe kwa macho na mikono, kusoma kwa kifaa kidogo na simu, kwenda gereji yenye mashine kamili, na kubadilisha tabo moja kwa moja. Nimezipitia zote nne, moja kwa majuto.

Vigezo kwanza

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni hiki: je, njia hiyo inaweza kuwemo ndani ya gari wakati tatizo linatokea? Mashine ya mamilioni iliyofungiwa gereji Dar es Salaam haioni kinachofanyika Kitonga. Kifaa cha bei ya kutupwa kilichochomekwa gari likiwa mlimani kinaweza kuona kuliko hiyo mashine.

Baada ya hapo ninauliza kila njia inaona nini na inakosa nini; inakula pesa kiasi gani na gari linalala siku ngapi; inaweza kuharibu nini ikitumiwa vibaya; na mwisho inamfaa nani.

Ila kabla ya kuchagua, jua tabo yako inaongozwaje, maana magonjwa yanatofautiana. Tabo za kale zaidi zina kilango kinachofunguka presha ikizidi, hazina mambo mengi. Nyingi za miaka ya 2000 zina vibapa vidogo upande wa ekzosi vinavyojikunja na kujikunjua ili kubadili kasi ya moshi unaozungusha tabo. Vibapa hivyo husukumwa kwa njia mbili. Kwenye magari kama Navara yenye injini ya YD25, fimbo ya tabo huvutwa kwa vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) kupitia solinoidi (kilango cha umeme) na mipira myembamba. Kwenye Prado yenye injini ya 1KD-FTV, au Discovery 3 ya lita 2.7, kazi hiyo inafanywa na mota ya umeme iliyobandikwa kwenye tabo yenyewe. Ya vakyumu huugua mipira. Ya mota huugua waya, soketi na mota. Na zote mbili huugua masizi yanayogandisha vibapa, hasa gari linaloishi kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, na halipati barabara ndefu ya kujisafisha.

Njia ya kwanza: macho, vidole na tochi

Inaona nini. Kwenye gari la miaka 15 au 20, kinachozeeka kwanza ni mpira. Anza na mpira mnene unaotoka kwenye tabo kwenda intakula (kipoza hewa), kisha ule unaotoka intakula kuingia kwenye injini. Usitazame juu tu. Pitisha vidole upande wa chini, ubinye, ukunje. Ufa wa mpira wa presha hufumba gari likiwa limesimama na kufumbua tabo inapoanza kusukuma, kama mdomo wa samaki. Ndiyo maana fundi anayetazama gari likiwa kwenye sailensa, yaani injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta, haoni kitu. Unyevu kidogo wa oili ndani ya mpira ni kawaida kwa dizeli, kwa kuwa mvuke wa oili ya injini hurudishwa upande wa hewa. Lakini oili iliyotokeza nje na kushika vumbi sehemu moja, hapo ndipo panapopumulia.

Kama tabo yako ni ya vakyumu, fuata mipira myembamba yote kutoka kwenye pampu hadi kwenye fimbo. Mara nyingi mpira unalalia bomba la moto au unasuguana na ukingo wa bati. Mwambie mtu awashe injini huku wewe ukitazama fimbo: kwenye tabo nyingi za vibapa inatakiwa ivutwe mara moja, na injini ikizimwa irudi bila kukwama njiani. Ikienda kwa kusitasita kama mlango wa stoo, umeshapata pa kuanzia.

Tazama pia ea klina, chujio la dizeli, na soketi za sensa. Na jiulize swali moja ambalo mafundi hawakuulizi: injini ilioshwa lini? Kama taa ilianza siku mbili baada ya kijana wa kuosha magari kuelekeza mashine ya presha chini ya boneti, mtuhumiwa wa kwanza ni maji kwenye soketi, kabla ya tabo.

Inakosa nini. Haioni ndani ya tabo, haioni waya unaokatika ukipata moto tu, wala haioni sensa inayodanganya. Na haipo mlimani. Unakagua maiti baada ya ajali.

Gharama na hatari. Jioni moja, tochi, bisibisi na klempu mbili tatu. Hatari ni kuungua, kwa hiyo subiri injini ipoe, na kuchokonoa visivyochokonolewa. Sensa ya hewa haifutwi kwa kitambaa wala kidole. Ina waya mwembamba kama unywele. Kuna pia skrubu ndogo kwenye tabo ya vibapa inayozuia vibapa visifunge kupita kiasi. Hiyo iliwekwa kiwandani. Fundi akikuambia "ngoja niikaze kidogo ivute", funga boneti uondoke.

Inamfaa nani. Karibu kila mtu kama hatua ya mwanzo, na zaidi yule ambaye gari linatoa moshi mweusi au sauti ya kupuliza likivuta. Kwa magari mengi, hewa ikishapimwa na kompyuta halafu ikavujia nje, kompyuta inaendelea kumwaga dizeli kwa hesabu ya hewa ambayo haikufika. Moshi mweusi unatoka hapo. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo macho yanaishinda mashine.

Njia ya pili: kisomaji kidogo na simu

Hiki ni kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, na programu kwenye simu. Bei yake ni kama kilo tatu nne za nyama.

Inaona nini. Kwanza, namba za makosa zilizohifadhiwa. P0299 maana yake presha ya tabo ni ndogo kuliko iliyotakiwa. P0234 ni kinyume chake, presha imezidi. P0045 inasema kuna tatizo kwenye sakiti ya umeme inayoongoza tabo. P0236 inaitilia shaka sensa ya presha, na P0101 sensa ya hewa. P0087 haihusu tabo kabisa: ni presha ya dizeli kwenye reli iko chini, ila dalili yake kwa dereva ni ileile, gari kukosa nguvu mlimani. Watu wamenunua tabo kwa sababu ya chujio la dizeli lililoziba.

Namba si hukumu. P0299 haisemi "tabo imekufa". Inasema presha haikufika, na sababu inaweza kuwa mpira, vakyumu, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyoganda wazi, ekzosi inayovuja kabla ya tabo, au tabo yenyewe. P0234 ndiyo inayonifanya nifikirie vibapa vilivyoganda kwa masizi.

Pili, na hapa ndipo kidude hiki kinapojilipia, kinaweza kurekodi safari. Chagua vipimo vichache tu: presha ya hewa, kiasi cha hewa, mizunguko ya injini, na presha ya dizeli kwenye reli kama gari lako linaitoa. Ukichagua kumi, vifaa hivi vya bei rahisi huwa vizito na vinaruka sekunde unazozihitaji. Mpe simu anayekaa mbele kushoto, wewe endesha. Kitonga si mahali pa kutazama grafu.

Ukirudi nyumbani, tazama umbo. Presha iliyokuwa ikipanda vizuri halafu ikaanguka ghafla kama jiwe inanuka umeme, au kompyuta imeamua kujilinda. Presha inayopanda kwa uvivu na kuishia chini kila mara inanuka uvujaji. Presha inayopaa kupita kawaida hasa unapopandisha mzigo, kisha taa inawaka, hapo ni vibapa.

Jambo moja la huku kwetu lililowachanganya wengi: washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha. Inatakiwa ionyeshe presha ya hewa ya mahali ulipo. Dar au Mombasa ni karibu kPa 101. Iringa, Mbeya au Nairobi ni kati ya 81 na 85 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Nimewahi kumsikia mtu akitaka kubadilisha sensa kwa kuwa ilisoma 83, na gari lilikuwa limepaki Nairobi. Sensa ilikuwa inasema kweli.

Inakosa nini. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka hiyo yana soketi ileile, lakini kompyuta yake haijibu vifaa vya bei rahisi. Unachomeka, simu inatafuta, inatafuta, inakata tamaa. Jaribu kabla hujalipa. Kwa Toyota nyingi za wakati huo kuna mbinu ya kizee: kuunganisha tundu la 13 na la 4 kwa kipande cha waya, kisha kuhesabu taa ya injini inavyomweka. Inafanya kazi, ila tundu la 16 lina moto wa betri moja kwa moja, kwa hiyo kama mkono unatetemeka, mwachie fundi umeme. Zaidi ya hayo, kifaa hiki mara nyingi hakionyeshi presha ambayo kompyuta iliiomba, kinaonyesha iliyopatikana tu. Wala hakiwezi kuiamuru tabo isogee.

Gharama na hatari. Pesa ni ndogo, gari halilali. Hatari kubwa ni kitufe cha kufuta. Watu wanafuta namba kabla ya kuziandika, na pamoja nazo inafutika picha ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, mzigo, joto la injini. Kuchomoa betri hufanya hivyohivyo kwa magari mengi. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Kwa magari yanayofuata kanuni ya OBD (utaratibu wa gari kujikagua lenyewe), taa huzimika baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa, na rekodi hujifuta baada ya injini kupata moto mara 40 bila kosa kurudi. Huyu mwizi ndiye anayenufaika na arobaini. Soma mapema.

Inamfaa nani. Mtu anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara inayoleta tatizo, ana simu, na ana subira ya kurekodi mara mbili tatu kabla ya kununua chochote.

Njia ya tatu: gereji yenye mashine kamili

Ninaposema mashine kamili simaanishi kijana mwenye tableti anayetoza kwa kusoma namba. Hiyo ni njia ya pili kwa bei ya juu. Namaanisha fundi ambaye mashine yake inaongea lugha ya mtengenezaji wa gari lako, na ambaye ana kipima umeme, pampu ya mkono ya vakyumu na kifaa cha kupulizia moshi.

Inaona nini. Presha iliyoombwa na iliyopatikana, mistari miwili pamoja. Nafasi ya vibapa iliyoamriwa na ile halisi. Mashine inaweza kuiamuru mota ya tabo iende mwanzo hadi mwisho, fundi akasikiliza na kutazama inakwamia wapi. Kwa vakyumu, pampu ya mkono inaonyesha kama kiwambo cha tabo kinashika au kinavuja. Kipima moshi kinajaza moshi kwenye njia ya hewa kwa presha ndogo, na ufa uliokuwa umefumba unajitaja wenyewe. Kuna wanaofanya kwa kompresa na maji ya sabuni. Inawezekana, ila presha iwe ndogo na mtu ajue anachofanya, la sivyo anatafuta uvujaji mmoja na kuacha sili za injini zikivuja.

Fundi wa aina hii pia hutikisa waya injini ikiwa na moto huku mwenzake akitazama mashine. Hilo dogo ndilo linalokamata waya uliokatika ndani ya ganda lake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo dizeli ya 2005 unayoiona Nairobi leo imekuwapo miaka mingi na imepita mikono mingi, na kila mkono umeacha kiungo chake cha waya na utepe. Tanzania nako, ukifunua waya za gari la umri huo, unasoma historia yake.

Inakosa nini. Kitonga. Gari likiwa gereji ni zima, vipimo vinaweza kutoka safi vyote. Ndiyo maana kumpelekea fundi huyu rekodi ya simu yako ni nusu ya kazi: "Ilianguka hapa, injini ilikuwa na dakika ishirini za kupanda, rpm 2,600." Fundi mzuri anafurahi ukimpa hivyo. Anayechukia kuletewa taarifa, mwogope.

Gharama na hatari. Ni ghali kuliko mbili za kwanza, na gari linaweza kulala siku mbili tatu. Kubalianeni mapema kwamba unalipia kutafuta, hata kama hakuna spea itakayobadilishwa. Fundi anayelipwa kwa spea tu atapata spea ya kubadilisha. Simlaumu, ndivyo tulivyomzoesha.

Inamfaa nani. Mwenye tabo ya mota ya umeme, mwenye namba za sakiti kama P0045, mwenye gari lisilojibu vifaa vya simu, na yule ambaye tatizo lake linakuja hata kwenye tambarare bila mpangilio.

Njia ya nne: funga tabo nyingine

Tuitendee haki. Njia hii inatukanwa sana, lakini ina siku yake.

Inaona nini. Haioni chochote, inajibu swali kwa kuondoa mtuhumiwa mmoja. Kama tabo yenyewe imechoka, itatibu. Dalili za tabo iliyochoka si taa tu: shafti ina mchezo wa kwenda mbele na nyuma, mapanga yamegusa nyumba yake, oili inapungua na moshi ni wa bluu, au sauti ya kulia kama king'ora. Mchezo mdogo wa pembeni usikutishe, shafti huelea juu ya oili, na ikiwa kazini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Inakosa nini. Kilichoua ya kwanza. Mfano unaojulikana ni injini za 1KD: shaba za chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la kufyonzea oili ndani ya kata (bakuli la oili chini ya injini). Tabo inakosa oili, inakufa. Ukifunga nyingine bila kushusha kata na kutazama, nayo itaifuata dada yake. Tabo za mota nazo nyingi huhitaji kuoanishwa na kompyuta kwa mashine, kwa hiyo njia ya nne inakurudisha kwenye ya tatu ukiwa na pesa pungufu.

Gharama na hatari. Hapa ndipo majuto yangu yalipo. Niliuziwa tabo ya mtumba, "imetoka Japani, haijafunguliwa", nikafunga, gari likawa zuri wiki tatu. Kisha Kitonga, kona zilezile, taa ileile. Mpwa wangu ndiye aliyeshika simu safari iliyofuata. Presha ilikuwa ikifa baada ya kama dakika ishirini za kupanda, na tulipopumzika Ilula kununua nyanya ikarudi. Fundi wa mashine alipima solinoidi, nzima. Akasema nitafute kitu kinacholainika kwa moto. Kilikuwa kipande cha mpira wa vakyumu kilicholalia bomba la EGR, kimeyeyuka upande wa chini. Kikipoa kinafumba, kikipata moto kinafunguka. Mpira mpya ulikuwa bei ya soda mbili. Tabo yangu ya zamani bado iko stoo. Ni nzima.

Inamfaa nani. Mwenye ushahidi wa kuonekana kwamba tabo imekufa, na mwenye gari la biashara ambalo kulala siku nne kunamgharimu kuliko tabo. Hata hapo, afadhali iliyofanyiwa ukarabati na mtu anayetoa dhamana kuliko ya mtumba isiyojulikana ilikotoka, iwe ni Ilala ya Dar, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala. Ukilazimika kuchukua ya mtumba, ifunguliwe mbele yako, uishike shafti kwa vidole, na uisogeze fimbo au mkono wa vibapa uone kama unateleza.

Sasa wewe uko wapi?

Taa inawaka mlimani tu, gari likiwa na mzigo, hakuna moshi wala sauti ngeni: jioni moja ya njia ya kwanza, kisha kisomaji cha simu kwa safari mbili. Usinunue spea yoyote kabla ya kuwa na rekodi moja inayoonyesha tatizo likitokea. Badilisha chujio la dizeli hata hivyo, kama hukumbuki lilibadilishwa lini.

Kuna moshi mweusi na mlio wa kupuliza: achana na simu, tafuta mpira. Usipouona, kipima moshi.

Taa inawaka ukipita kwenye matuta, au baada ya mvua, au gari likiwa limesimama tu: huo ni umeme. Nenda moja kwa moja kwa fundi wa njia ya tatu, na mweleze ni matuta au ni mvua, kwa sababu kwake hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Moshi ni wa bluu na oili inashuka: acha majaribio ya barabarani. Dizeli inayovuta oili kupitia tabo inaweza kupandisha mizunguko yenyewe, na swichi isiizime. Gari libebwe. Hapa njia ya nne ina haki ya kuongelewa, baada ya kata kushushwa.

Wewe ni dereva wa Hiace ya abiria na bosi anataka hesabu jioni: mwombe siku moja ya mashine kabla ya wiki ya kukisia. Muonyeshe bei ya tabo na bei ya kupima, ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

Safari ni kesho alfajiri na hakuna muda: kaza klempu, andika namba usizifute, punguza mzigo, na mlimani shuka gia mapema badala ya kukandamiza mafuta kwenye gia kubwa. Taa ikiwaka na gari likaingia hali ya kujilinda, unaweza kufika polepole, mradi oili ipo, joto la injini ni la kawaida na hakuna mlio wa chuma.

Na kama ndiyo kwanza unataka kununua gari la aina hii, nenda na kisomaji mfukoni. Programu nyingi zina kipimo cha umbali tangu kumbukumbu za makosa zifutwe. Ikisoma kilomita 6, muulize muuzaji jana alikuwa anafuta nini.